Nilivyokwenda Rooty Hill Kuomba Ruhusa ya Kuuliza

Nakumbuka, mwanangu, Jumamosi moja mchana nilipokuwa nimesimama mbele ya mlango wa watu Rooty Hill, hapa Sydney, nimekumbatia katoni ya soda kama mtoto mchanga, na pembeni yangu mzee aliyevaa suti ya harusini na kofia. Jua lilikuwa kali. Nilikuwa na shahada mbili, na sikujua niseme nini mlango ukifunguliwa.

Usicheke kwamba nakuita mwanangu. Sina mvi hata moja, na mama yangu bado ananiita mtoto anapotaka nikatupe takataka. Lakini wazee wa kanisa wameniomba niwaandikie ninyi mnaoanza chuo mwaka huu, na waliponiona nasitasita wakasema kwamba anayefundisha amekwisha kuzaa, awe na mke asiwe naye. Sikubaliani nao, kama nisivyokubaliana nao katika mambo mengi. Hata hivyo neno lenyewe ni tamu mdomoni, basi nitalitumia.

Mimi nafundisha chuoni. Ukitaka kujua nafundisha nini, kaa kwanza, maana hata mama hajaelewa vizuri. Ni somo moja lenye mambo matatu ndani yake: jinsi watu wanavyogawanywa kwa asili, rangi na kabila, jinsi ardhi, misitu na mito inavyotendewa, na nchi ya Marekani, ambako mambo hayo mawili yalifanyika waziwazi na kuandikwa sana, kwa hiyo tunaitumia kama kioo. Watu wetu hushangaa: "Marekani uifundishie Sydney?" Lakini hebu fikiri. Sisi tuliotoka kambini Kigoma tuligawanywa kama karanga, kiganja kimoja Australia, kiganja kingine Marekani. Nani kati yenu hana shangazi au binamu kule? Huyo binamu sasa ni Mmarekani Mweusi. Wewe hapa unaitwa Mwafrika. Kambini nyote wawili mliitwa wakimbizi, na kabla ya hapo mlikuwa na jina jingine tena. Damu ni ile ile. Hilo tu linatosha kufundishwa muhula mzima.

Nilipoanza kazi hiyo nilikuwa mtu wa maswali. Bado ni yule yule, ila wakati ule nilikuwa kama mbwa aliyefunguliwa mnyororo. Nilimuuliza mchungaji kwa nini Mungu asikilize zaidi maombi ya sauti kubwa. Nilimuuliza mwenyekiti wa jumuiya kwa nini anatangaza saa ya mkutano ambayo yeye mwenyewe haamini. Niliwauliza wakubwa wa chuo kwa nini kila kikao kinaanza kwa kuwataja wenyeji wa asili wa ardhi hii, kisha kinaendelea kana kwamba wenyeji hao walikwisha kuondoka. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Walichosahau kusema, au labda walisema siku ambayo mimi sikuwepo, ni umuulize nani, na ukiwa umekaa au umesimama.

Muhula ule wa kwanza tulifika kwenye mada ninayoipenda kuliko zote, yaani hifadhi za misitu na wanyama kule Marekani. Picha zake mnazijua: milima, maporomoko, na hakuna mtu hata mmoja. Niliwaonyesha wanafunzi picha hizo kisha nikawauliza, watu wako wapi? Maana walikuwepo. Waliwinda pale, walizika pale, hadi walipokuja walinzi wenye sare wakawatoa, ndipo picha ikapigwa. Nilifundisha kwa hasira, na hasira hunoga darasani. Mwishoni nikatoa kazi ya nyumbani. Kila mwanafunzi amuulize mtu mzima wa kwao: Kwetu hasa ni wapi? Nani waliishi pale kabla yetu? Nani yuko pale sasa? Na sisi ni kabila gani? Kisha aandike, alinganishe na yale tuliyosoma.

Ilikuwa kazi nzuri, na hadi leo sijaikana. Kijana mmoja ambaye ukoo wake ulitoka Lebanoni alileta habari za mizeituni ya babu yake, darasa zima likasahau simu. Nikajiona nimefika.

Wengine walipotoka, Espe alibaki. Espe ni msichana wa Kirundi, alikuwa mwaka wa mwisho, anaishi Rooty Hill na wazazi wake, na siku ambazo hana masomo alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Hakuwa msemaji. Akinyamaza ujue anafikiri.

"I have to drop your class," alisema, kisha akageukia Kiswahili, ambacho hakitumii nami ila akiwa na jambo zito. "Baba amekataa."

"Amekataa kazi ile? Nitakupa nyingine."

"Amekataa darasa, Mwalimu. Amesema, 'Nilivuka mto Malagarasi kukimbilia Tanzania ili mwanangu asiulizwe swali hilo. Leo yeye ndiye ananiuliza mimi.'"

Sasa ielewe hasara yake. Somo langu lilikuwa la lazima kwake. Akiliacha, hamalizi mwaka ule, na yeye ndiye angekuwa wa kwanza katika ukoo wao kuvaa joho. Siku ya mwisho ya kuamua ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Na Espe si mtu wa kumdanganya baba yake. Alikuwa tayari kuacha.

Nikueleze na jambo jingine, kwa sababu wewe uliyezaliwa hapa huenda hulijui. Kanisani kwetu wamo Wakongo kama mimi na wamo Warundi, na kuna sheria ambayo hakuna aliyeitunga. Tunaulizana ulikaa kambi gani na mtaa upi wa kambi. Hatuulizani lile jingine. Kule Burundi watu walikufa kwa ajili ya majina ya kabila, na waliobaki wameyaweka majina hayo mahali pa mbali. Katika kwaya mmoja anashika sauti ya pili na mwenzake ya tatu, na hakuna anayejua nani ni nani, au wote wanajua na hakuna anayesema. Mimi nililiona jambo hilo kuwa woga. Nilisema moyoni kwamba kidonda kisichofunguliwa hakiponi. Mwenye kovu usidhani kapoa, wanasema, na mimi nikaongeza la kwangu: basi mbonyeze tujue.

Nikamwandikia baba yake Espe. Ndiyo, imeli. Kwa Kiingereza kizuri, kirefu, nikieleza umuhimu wa uhuru wa kitaaluma.

Siku iliyofuata nilikwenda Ingleburn kumsaidia Papa Zabuloni kumwagilia bustani yake. Papa Zabuloni alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu tangu Uvira, kule Kongo. Amestaafu kazi ya ghala, na nyuma ya nyumba yake analima lengalenga, ule mchicha wa kwetu, nyingi kuliko uwezo wa jirani zake kuzila. Nikamsimulia, nikitegemea aniunge mkono. Alifunga bomba la maji.

"Byamungu," aliniita kwa jina. "Ulimuandikia baba ya mtu imeli?"

"Kwa heshima kabisa, Papa."

"Heshima ya namna gani hiyo, haiketi chini, hainywi hata maji?"

"Ni utaratibu wa chuo."

"Chuo kinamujua? Weye unamujua? Ulikula kwake? Mulizika naye mtu? Unamutuma mutoto yake amuulize kitu hata muke yake hajamuuliza. Alafu akikasirika, unamutumia karatasi isiyo na karatasi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Jumamosi tunaenda," alisema. "Fua shati."

Huko kwetu, na kwa Warundi ni vivyo hivyo, neno lililoharibika halifuatwi na mtu mmoja. Mwenye kosa huenda na mtu mzima wa kumsemea, na huenda na kinywaji, maana mkono mtupu haulambwi. Zamani ingekuwa pombe ya ndizi. Sisi tu watu wa kanisa, kwa hiyo ikawa soda. Papa akavaa suti. Nilimuuliza kama suti ni lazima kwa joto lile. Akanijibu kwamba maswali yangu ndiyo yaliyotufikisha pale.

Basi mlango ukafunguliwa. Mama Espe aliniangalia mimi, akamwangalia mzee, akaiangalia katoni, akarudi kwenye suti. Uso ukamng'aa.

"Karibuni! Karibuni jamani! Si mngetuambia mnakuja? Shikamoo baba. Kaeni, kaeni!"

Alipotea ndani. Tukasikia Kirundi cha haraka, kabati likifunguliwa, kitunguu kikianza kulia kwenye mafuta. Aliporudi alikuwa amevaa vazi lao lile la kufunga begani, na nyuma yake alikuja mdogo wake, ambaye alinitazama kuanzia viatu hadi nywele kama anayechagua mbuzi mnadani.

"Anafanya kazi?" alimuuliza Papa Zabuloni, mimi nikiwa nimekaa pale pale.

"Anafundisha chuo."

"Ehe! Mwalimu! Anakunywa?"

"Soda tu."

"Na ugali anakula, au ni hawa wa mkate?"

Niliwaona ni watu wakarimu sana. Papa naye aliona hivyo hivyo. Ndivyo tulivyo: tunajua mila mpaka tunasahau kwamba mila moja hufanana na nyingine.

Baba Espe akaingia kutoka kazini Smithfield, bado amevaa juu ya shati fulana ya kazi yenye mistari ya kung'aa. Ni mtu mrefu, mpole, wa maneno machache. Alitusalimia, akakaa. Papa Zabuloni akavua kofia, akasimama, akaanza kama wazee wanavyoanza, kwa mbali.

"Ndugu yangu, tumetoka mbali. Hatukuja sababu ya njaa. Tumekuja sababu ya binti yako."

Mama mdogo alipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika hadi stesheni.

Ndipo nilipoelewa. Nilifungua mdomo, lakini wakati huo huo Espe aliingia kutoka kazini, begi begani. Alinikuta mimi kwenye kochi, mzee amesimama, katoni mezani na mama yake amependeza.

"Oh my God. No. No, no, no. Mama, he's my tutor!"

"Na walimu hawaoi?" mama yake aliuliza.

Aliyecheka kwanza ni Baba Espe. Alicheka akashika goti, akacheka machozi yakamtoka, sisi wengine tukafuata mmoja mmoja, hata Espe, ambaye alikuwa amejifunika uso kwa begi. Papa Zabuloni peke yake alibaki amesimama na kofia yake mkononi, akiuliza, "Ni nini? Nilisema vibaya?" Mpaka leo Mama Espe akiniona kanisani ananiita mkwe, na mimi naitika.

Kicheko kilipoisha, kilikuwa kimetufanyia kazi ambayo suti isingeweza. Lakini baba yake alikuwa amekwisha kunielewa mimi ni nani.

"Kwa hiyo ni wewe uliyeniandikia," alisema. "Niliona Kiingereza kingi na jina langu lote, nikadhani ni serikali. Sikulala."

"Nisamehe, mzee."

"Sikiliza, Mwalimu. Kwetu aliyeniuliza swali lako alikuwa amesimama barabarani na silaha. Alikuwa kijana kama wewe. Jibu lililomwokoa mtu asubuhi lilimuua mwingine jioni, kwa sababu waliosimama pale walikuwa wamebadilishana. Unaelewa? Hakukuwa na jibu zuri. Sasa mwanangu anakaa mezani, ameshika kalamu, ananiuliza, 'Baba, sisi ni kabila gani?' Nimwambie nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba hiyo ndiyo sababu ninafundisha, ili watu wajue majina hayo yalitengenezwaje. Nikasema hivyo. Akatikisa kichwa taratibu.

"Fundisha. Sijakukataza. Ila nikuulize. Wewe kwenu wapi?"

"Juu ya ziwa, upande wa Kivu."

"Nani waliishi pale kabla yenu?"

Mwanangu, naweza kukutajia watu waliotolewa katika mabonde ya Marekani, mto kwa mto. Ningeweza kumpa mzee yule hotuba ya mchana mzima. Nilimtazama Papa Zabuloni anisaidie, naye alikuwa anasoma maandishi ya kopo la soda kana kwamba ni Injili.

"Sijui," nilisema.

"Hukumuuliza mama yako?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Nilijua kwa nini. Nilijua mama asingependa. Nilikuwa nimemhurumia mama yangu, nikawatuma watoto wa wenzangu kwa baba zao. Nyani haoni kundule. Methali hiyo nilikuwa nimeisikia tangu utotoni nikidhani inahusu watu wengine.

Hapo Papa Zabuloni akanena, na ndilo neno alilokuja nalo tangu Ingleburn. "Swali ni mugeni," alisema. "Mugeni akiingia, anasema kwanza yeye ni nani na anatoka wapi. Ndipo anauliza habari ya nyumba. Weye ulipitia dirisha."

Hadithi ingeishia hapo ningekuwa nimekuletea nasaha rahisi: vijana nyamazeni, wazee wana hekima. Nisingejisumbua kuiandika. Maana pamoja na aibu niliyokuwa nayo, sikuamini kwamba kimya kilikuwa kimeshinda, na nilisema.

"Mzee, nimekosea njia. Lakini naomba kuuliza hili moja, nikiwa nimekaa. Espe asipolisikia jibu kwako, atalisikia wapi?"

Espe ndiye aliyejibu. Alikuwa bado amesimama karibu na mlango.

"Baba, nilishaiuliza simu," alisema. Alisema kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno. "Zamani. Nikiwa mdogo. Nilisoma yote peke yangu chumbani. Picha pia. Halafu nikaogopa kukuangalia, kwa sababu sikujua wewe ulikuwa upande gani."

Kitunguu kilikuwa kimeanza kuungua na hakuna aliyekwenda jikoni. Mama Espe alikaa chini polepole, kama mtu aliyekumbuka kwamba ana miguu.

"Miaka yote hii?" baba yake aliuliza.

"Yes, Dad."

Baba yake akavua fulana yake ya kazi, akaikunja, akaiweka magotini. Alipoanza kusema hakumtazama mtu.

"Kwetu kulikuwa na bonde. Bonde la maji, limejaa mafunjo. Kiangazi maji yakipungua, watu wa vilima viwili walishuka kupanda maharage na viazi vitamu. Kilima hiki watu wa jina hili, kilima kile watu wa jina lile. Jembe langu likivunjika naazima la mwenzangu. Niliyekuwa naazima kwake sijui aliko. Uliuliza nani walikuwepo kabla yetu. Walikuwepo wafinyanzi. Udongo wa vyungu ulitoka bondeni. Halafu serikali ikaja kuchimba mifereji, maji yakatoka, tukashangilia, tukagawiwa mashamba. Udongo ukakauka. Wafinyanzi wakafunga mizigo. Mimi nilikuwa kijana mkubwa tu, niliwaona wakipita. Vyungu vyao ndivyo tulivyopikia. Hakuna aliyewauliza wanakwenda wapi."

"Walikwenda wapi, baba?"

"Sijui, mwanangu. Hilo ndilo nakuambia." Akaikunjua ile fulana, akaikunja tena. "Kila siku najihadithia kama mtu aliyefukuzwa. Na ni kweli, nilifukuzwa. Lakini kabla ya mimi walifukuzwa wengine, na mimi nilipanda maharage palepale."

Tulikula. Ugali, samaki, na vile vitunguu vilivyoungua kidogo. Espe alikaa karibu na baba yake, bega kwa bega, jambo ambalo mama mdogo alilitazama sana bila kulisemea. Aliuliza mambo madogo madogo, rangi ya udongo ule, jina la ndege wa mafunjo, naye akamjibu yote. Baadaye baba yake alinigeukia.

"Abaki darasani," alisema. Kisha akamwambia Espe, "Andika bonde. Andika wafinyanzi, andika na maharage. Yale majina ya barabarani usiyaandike mimi nikiwa hai."

"Mwalimu, is that enough?"

Kazi niliyoitoa ilidai kabila litajwe. Mimi ndiye niliyeitunga. Nilijiuliza pale pale ni elimu gani hiyo inayozunguka jina kuu la jambo lake, na nikuambie ukweli, bado najiuliza. Lakini nilimtazama msichana yule ambaye kwa mara ya kwanza tangu utoto wake alikuwa anamwangalia baba yake usoni bila hofu, nikajibu, "Inatosha." Aliandika juu ya bonde lao na bonde jingine la Marekani lililozamishwa kwa bwawa, na katika kurasa zake zote hakuna kabila lililotajwa, wala hakuna msomaji atakayemaliza bila kujua kabila hufanya nini. Alimaliza masomo mwaka ule ule. Kwa ajili ya siku ya joho, baba yake aliomba ruhusa kazini tangu mwezi uliotangulia.

Nirudi kwenye Jumapili ile, kesho yake ya Rooty Hill: baada ya ibada nilimkuta mama jikoni kwetu Blacktown akichambua lengalenga za Papa Zabuloni. Nikavuta kiti. Nikaanza kumsaidia kuchambua, na baada ya muda nikamuuliza.

"Mama, kule kwetu, kabla yetu waliishi nani?"

Hakushtuka. Aliendelea kuchambua.

"Nilisubiri uulize," alisema. "Nilidhani huko chuo hawawafundishi kuuliza."

Akanisimulia. Babu yangu, baba yake yeye, alikuwa mlinzi wa hifadhi ya msitu. Alikuwa na sare na kofia. Waliokuwa wakiishi ndani ya msitu, watu waliojua kila mti wenye asali, yeye na wenzake ndio waliowatoa. Hakuwa mkatili, mama alisema, alikuwa ametumwa. Usiku mwingine alikuwa hali chakula. Na kwa kazi ile alimsomesha mama, na mama akanisomesha mimi.

Nilikuwa nimewafundisha vijana muhula mzima, kwa hasira tamu, juu ya walinzi wenye sare wa Marekani.

Siku hizi nafundisha mada ile ile, kwa picha zile zile. Hasira imepungua, na wanafunzi wanasikiliza zaidi, jambo ambalo sikulitarajia. Kabla sijawatuma kwao, nawaambia habari za babu yangu, sare yake na asali ya watu wale. Kisha nawaambia: msiulize hadi mmesema la kwenu, na mkijibiwa kwa bonde badala ya jina, chukueni bonde. Wengine huja kuniambia walikosa jibu kabisa. Nawaambia waandike hicho kimya, kina umbo lake. Nimeridhika na kazi hii, mwanangu, kuliko nilivyowahi kutarajia kuridhika na kitu chochote, na mimi si mtu wa kuridhika.

Basi nasaha yangu ni hii. Chuoni watakupa maswali makali kama visu vipya. Yapokee, wala asikudanganye mtu kwamba adabu ni kutouliza. Kimya cha wazazi wetu kina watoto wake, na baadhi yao wanalia vyumbani na simu mkononi. Ila swali la mambo ya watu lipeleke kwa miguu yako. Keti. Kula ulichopewa. Sema wewe ni nani na wa kwenu walimtendea nani nini, na kama hujui, anza kwa mama yako kabla hujaenda kwa baba wa mwenzako. Ukimsoma aliyeonewa, mtafute na aliyeonea, na usishangae ukimkuta katika picha za ukoo wako. Na unapoishi juu ya ardhi hii ya Sydney, ambayo hakuna kati yetu aliyezaliwa na haki nayo, usiwataje wenyeji wake kwa mdomo tu. Jifunze waliko. Wapo.

Nenda sasa, masomo yanaanza. Mungu akupe kiti katika kila nyumba utakayoingia na swali. Akupe mwenyeji mwenye subira, hata kama jibu lake ni la mwaka ujao. Na siku wewe utakapoulizwa, akupe moyo wa kusema "sijui" mbele za watu, na mtu aliye hai bado wa kwenda kumuuliza.